Nusu kaputi na umri wa mgonjwa: kwanini kifaa cha kupumulia kinachokaa vizuri kwa kijana kinasumbua kwa kichanga na kwa mzee

#1 Mtu wa Thieta (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Haya ni mambo ya ndani ya thieta, ndugu wa mgonjwa wanabaki nje kwenye benchi na kanga begani wanasubiri mlango ufunguliwe, hawayaoni. Ila yanawahusu kuliko wanavyojua, ndo maana nimeamua kuandika.

Mimi ni mtu wa usingizi, hii nusu kaputi mnayoiita, mwaka wa kumi na moja saivi, hospitali sitaitaja. Wiki iliyopita kuna siku nilikuwa na wagonjwa wawili wamefuatana, wa kwanza mtoto wa miezi saba ana ngiri, kilo 7, wa pili mzee wa miaka 79 ana uvimbe mkubwa wa mafuta chini ya bega, kilo 47. Wote niliwawekea LMA, kile kimaski kidogo kinachoingia mdomoni kinakwenda kukaa nyuma ya ulimi juu ya tundu la njia ya hewa, hakiingii ndani ya koromeo kama tyubu, ule mrija unaopita katikati ya nyuzi za sauti. Saizi zote mbili nilizichagua kwa kufuata paketi, na zote mbili zikanisumbua.

Mtoto alilala kwa maski vizuri tu, halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, nikapata mshipa, LMA saizi 1.5 ikaingia bila kelele, nikabana begi la kumpumulishia kifua kikapanda. Dakika kama kumi hivi daktari akawa anaweka sawa kitambaa cha kumfunika, kichwa cha mtoto kikageuka kidogo, kidogo sana jamani, begi likawa gumu mkononi kama nimeshika mpira uliojazwa upepo. Wanaofanya kazi hii wanaijua ile sauti ya monita oksijeni inaposhuka, inazidi kuwa nzito, 98, 94, 88, unaisikia mpaka tumboni. Nikatoa kifaa, nikainua taya, maski, akarudi. Nikakirudisha kile kile ila safari hii nimekiingiza kikiwa kimelala ubavu alafu nikakizungusha kikifika nyuma, nikakunja kitambaa nikaweka chini ya mabega, plasta juu ya midomo kisiende popote, na daktari nikamwambia ukitaka kugusa karibu na kichwa niambie kwanza. Tukamaliza salama.

Mzee naye meno yamebaki matatu, mashavu yameingia ndani, ile maski ya mwanzo kabla ya LMA haikai, hewa yote inatokea pembeni mpaka msaidizi ayakusanye mashavu kwa mikono miwili. Kwa kilo zake paketi inasema saizi 3, inayoishia kilo 50. Nikaweka. Ikavuja, kila nikibana begi nasikia hewa inarudi mdomoni kama mtu anapuliza chai ya moto. Nikaongeza hewa kwenye puto lake, lile linalozunguka kingo za kimaski, na hapo nikakosea, puto likijaa kupita kiasi linakuwa gumu na kifaa kizima kinanyanyuka, uvujaji ukazidi. Nikatoa nikaweka saizi 4, hewa kidogo tu kwenye puto, ikatulia mpaka mwisho.

Sasa hoja yangu ni hii, paketi imeandikwa kilo, haikuandikwa miaka. Yule mzee ni mwembamba lakini ni mrefu, mifupa yake ya taya na koo lake ni la mwanaume aliyekuwa na kilo 70 enzi zake, nyama ndo zimepungua. Kilo zilishuka, koo halikushuka nazo. Na yule mtoto kilo zilikuwa sahihi kabisa, umbo la koo ndo lilikuwa la umri wake.

Hii LMA ilibuniwa na daktari wa usingizi wa Uingereza, Archie Brain, alianza majaribio London mwaka 1981, ikaanza kuuzwa kule 1988. Alitumia mpaka kalibu za plasta za koo za maiti kupata umbo lake. Umbo hilo lilikuwa la mtu mzima. Saizi za watoto zilipokuja, zile za mwanzo zilikuwa ni ile ile ya mtu mzima imepunguzwa tu, kama ukiichukua suti ya baba ukaifinyanga imtoshe kichanga, na kichanga wakuu siyo baba aliyepunguzwa. Kichwa chake kikubwa nyuma kwenye kisogo, ukimlaza chali kidevu kinajikunja kifuani chenyewe. Ulimi unajaza mdomo wote. Koromeo liko juu zaidi, usawa wa pingili ya 3 au ya 4 ya shingo wakati kwa mtu mzima limeshuka mpaka ya 5 huko. Na kile kifuniko cha koromeo, epiglotisi, kwake ni kirefu na kinalegea, kwaiyo mara nyingi LMA ikiingia inakikunja kinaangukia ndani ya kikombe cha kifaa, ukichungulia kwa kamera unakiona kimelala hapo hapo juu ya tundu. Hewa bado inaweza kupita na kifua kikapanda ukadhani mambo safi, kumbe umebaki na upenyo mwembamba ambao kichwa kikigeuka tu unaziba.

Alafu muda wa kufikiri haupo. Kichanga anatumia oksijeni kama mililita 6 mpaka 7 kwa kila kilo kwa dakika, mtu mzima kama 3, na akiba ya mapafu yake ni ndogo. Kosa ambalo kwa kijana wa miaka 25 unalirekebisha kwa utulivu, kwa huyu una sekunde chache.

Karibuni, wa fani na wasio wa fani.

#2 mama_k

Asante sana kaka yangu kwa huu uzi. Mimi mwanangu ana miaka mitatu alitakiwa atolewe nyama za pua mwezi uliopita tukafika asubuhi ameshafunga kula, yule dada wa usingizi akamsikiliza kifua akasema ana mafua rudini nyumbani. Niliumia sana maana nauli nimekopa na baba yake aliomba ruhusa kazini, na mafua yenyewe ni kamasi tu za kawaida. Je kulikuwa na ulazima?

#3 Mtu wa Thieta

Mama K pole sana, na nauli najua inavyouma. Ila yule dada alimpenda mwanao, nakwambia kweli.

Mtoto mwenye mafua koo lake lina hasira. Ukimlaza alafu kitu chochote kikaligusa, iwe mate, iwe ncha ya LMA, iwe tyubu, zile nyuzi za sauti zinaweza kujifunga kwa nguvu na kugoma kufunguka, hewa haiingii hata tone. Sisi tunaita laringospazimu. Hata bila mafua watoto ndo wanaongoza kwa hili tatizo. Kuna utafiti mkubwa wa Uswidi wa mwaka 1984 ulioangalia wagonjwa zaidi ya laki moja, kwa watu wote kwa ujumla ilitokea kwa 8.7 kati ya kila 1,000, kwa watoto wa chini ya miaka 10 ikawa 17.4, mara mbili kabisa, na kwa vichanga wa mwezi 1 mpaka 3 ilikuwa juu zaidi ya hapo. Sasa weka na mafua juu yake, na upasuaji wenyewe uko huko huko puani na kooni, damu na mate vinatiririkia palepale.

LMA inachokoza koo kidogo kuliko tyubu, ndo maana mtoto mwenye mafua mepesi na upasuaji mfupi ambao hauwezi kusubiri wengi wetu tunaichagua. Wa kwako anaweza kusubiri, akae wiki mbili mpaka nne baada ya kupona. Siku ya kurudi, hata kama ni kikohozi cha usiku tu, sema. Usifiche kwa kuogopa kurudishwa.

#4 Mwanafunzi wa Moshi

Mkuu mimi niko mwaka wa mwisho, naomba unisaidie kwenye tyubu. Tunafundishwa kanuni ya kupata saizi yake, yaani milimita za upana wa ndani, umri gawanya kwa 4 jumlisha 4. Wiki jana nikiwa mafunzoni mtoto wa miaka 4, nikahesabu nikapata 5, tyubu ikagoma, ikaja kupita 4.5 kwa tabu kidogo. Mwalimu alinitazama tu hakusema kitu. Nimekosea wapi?

#5 Mtu wa Thieta

Hesabu hujakosea mdogo wangu. 4 gawanya kwa 4 ni 1, jumlisha 4 ni 5, na hiyo ni kwa tyubu isiyo na puto. Yenye puto unajumlisha 3.5, kwaiyo 4.5. Kama uliyoshika ilikuwa na puto basi hapo ndo ilipokwama.

Ila nikuulize, huyo mtoto alikuwa na kilo ngapi? Maana kuna watoto wa miaka 4 nawapokea wana kilo 10, wa kijijini, lishe imewapiga toka wakiwa tumboni. Umri wake kwenye kadi ni miaka 4, mwili ni wa mtoto wa mwaka mmoja. Kanuni ya umri inamdanganya mtu hapo. Na ndo nilichotaka watu waone kwenye huu uzi, kwenye LMA tunapima kwa kilo, kwenye tyubu tunapima kwa miaka, na vipimo vyote viwili viko sawa kwa mtu wa katikati, kwa mtoto aliyekua vizuri na kwa kijana mwenye afya. Kwa mtoto aliyedumaa na kwa mzee aliyekonda, kilo na miaka vinagombana. Kwaiyo kila ukihesabu, weka mezani tatu, uliyoipata, ndogo yake nusu na kubwa yake nusu, zifungue karibu na mkono, siyo kwenye kabati.

Na usilazimishe. Kichanga njia yake pale chini ya nyuzi za sauti ina upana kama milimita 4. Ukimkwaruza pakavimba milimita 1 tu kuzunguka, zinabaki 2, kihesabu nafasi iliyobaki ni robo, na ugumu wa kuvuta hewa unaongezeka mara 16. Mtu mzima mwenye uvimbe huo huo atalalamika koo linamuwasha. Kichanga unamsikia anakoroma kwenye kuvuta pumzi, mbavu zinaingia ndani, usiku huo hulali.

Kina nacho usisahau, umri gawanya kwa 2 jumlisha 12 ndo alama ya sentimita kwenye tyubu inayotakiwa kukaa midomoni, hiyo ni kwa waliovuka mwaka. Kichanga koo lake lote la hewa ni sentimita 4 au 5 hivi, ukikunja shingo yake tyubu inashuka pafu moja, ukiinyoosha inapanda inataka kutoka. Sikiliza kifua pande zote kila unapomgeuza.

#6 Mjukuu wa Njombe

Wakuu mimi siyo wa fani. Babu yangu ana miaka 83 anafanyiwa upasuaji wiki ijayo, tumeambiwa ni usingizi kamili. Ana meno ya bandia ya juu na hataki mtu ajue, hata sisi tumejua juzi tu baada ya bibi kufariki. Anakoroma sana. Hivi ni lazima niwaambie?

#7 Mtu wa Thieta

Pole na msiba wa bibi. Waambie, au mwambie babu mwenyewe amwite mtu wa usingizi pembeni waongee wawili tu. Wazee wengi wana aibu na meno, nimewahi kumkuta mama mmoja mtu mzima amekaa na bandia yake mpaka juu ya meza ya upasuaji, nimeshamchoma dawa ndo naona kitu kinateleza kuelekea kooni, nikakidaka kwa vidole viwili. Toka siku ile swali la meno nauliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeinama karibu na sikio la mgonjwa, ndugu nikiwa nimewaomba wasogee.

Bandia inayovuliwa huwa inatolewa kabla, ila kuna wakati tunaomba abaki nayo mpaka tumalize kumpumulisha kwa maski kwa sababu inashikilia mashavu, alafu ndo tunaitoa. Hayo waamue wao, muhimu wajue. Na jino linalotikisika ni hatari kuliko pengo, lile likianguka linaweza kuingia kwenye mapafu.

Kukoroma pia sema. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2000 ulioangalia nani ni mgumu kumpumulisha kwa maski ulipata vitu vitano, umri kuzidi miaka 55, kukosa meno, kukoroma, ndevu na unene. Babu yako hapo ameshakusanya vitatu. Hiyo haina maana upasuaji usifanyike, ina maana wajiandae, wawe wawili, na saizi zaidi ya moja ziwe tayari.

Kingine cha wazee ambacho watu hawakijui, ukilala chali, kuanzia umri wa miaka kama 44 vile vijia vidogo vya mwisho vya mapafu vinaanza kujifunga vyenyewe hata kwenye pumzi ya kawaida. Kwaiyo mzee wa 83 LMA ikivuja kidogo, kile kidogo kwake ni kikubwa, oksijeni inashuka polepole bila kelele, siyo kama ya mtoto inayodondoka ghafla.

#8 Nesi Usingizi Kusini

Kaka Mtu wa Thieta nakuheshimu lakini hapa nitakupinga. Mimi mgonjwa akivuka miaka 70 namwekea tyubu basi. LMA haizibi njia ya chakula, mzee koo lake limeshazeeka hata likiguswa na matapishi halikohoi. Uliyemweka LMA ulibahatisha.

#9 Mtu wa Thieta

Dada, kwenye matapishi uko sahihi na sitabishana. Ule ukaguzi mkubwa wa Uingereza uliotoka 2011, ulioangalia mwaka mzima wa matatizo ya njia ya hewa nchi nzima, ulikuta vifaa vya aina ya LMA vimetumika kwenye asilimia 56 ya nusu kaputi zote, na kilichoua watu wengi zaidi upande wa njia ya hewa ni matapishi kuingia kwenye mapafu. Mzee mwenye kisukari cha muda mrefu, mwenye kiungulia, aliyevunjika nyonga jana akapewa dawa kali za maumivu, tumbo limejaa hata kama hajala toka jana, huyo tyubu, hata mimi.

Lakini tyubu nayo ina gharama yake kwa mzee. Ukiingiza lile bapa la chuma la kunyanyulia ulimi presha inaruka, moyo unakimbia, na mishipa ya miaka 79 siyo ya kuruka nayo. Shingo imekakamaa, hairudi nyuma. Huyu wangu alikuwa amefunga kweli, tumbo tupu, upasuaji wa dakika 40 juu ya ngozi, anapumua mwenyewe, presha yake ya siku zote 170. Nilipima nikaona LMA inamfaa. Saizi ndo sikupima vizuri na hilo nimeshasema hapo juu.

Na dawa, dada yangu, hapa ndo wengi tunawaumiza. Propofoli, ile dawa ya kuchoma ya kulaza, kijana anachukua miligramu 2 mpaka 2.5 kwa kilo, mtoto mdogo anataka mpaka 3 na zaidi, mzee 1 mpaka 1.5 inamtosha na damu yake inazunguka taratibu, ukichoma usubiri. Mtu anachoma, haoni mabadiliko kwa nusu dakika, anaongeza, alafu presha inaanguka zote kwa pamoja. Mtoto ni kinyume chake, ukimpunja analala juu juu, unaingiza LMA koo linafunga. Watu wanalaumu kifaa kumbe ni kina cha usingizi. Dawa ya kuvuta nayo hivyo hivyo, kila miaka 10 baada ya 40 mahitaji yanapungua kama asilimia 6.

#10 Nesi Usingizi Kusini

Hapo kwenye kusubiri umenigusa. Nimeshaona presha ya 60 kwa sababu hiyo hiyo. Sawa, tumbo tupu na upasuaji mfupi nakubali, ila wa kuaminika kwamba hajala ni nani? Kuna mama aliniapia mtoto hajala, tumemlaza uji ukapanda.

#11 Mtu wa Thieta

Na yule mama hakuwa mbaya, mtoto alilia njaa usiku kucha akamwonea huruma. Mimi nikaona kosa liko kwetu, tunawaambia "asile toka saa sita usiku" alafu mtoto anaingia thieta saa nane mchana. Nani ataweza? Saivi wa kwangu nawaeleza kwa masaa, chakula na uji na maziwa ya kopo masaa 6, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2, na kuna nchi za Ulaya watoto wanaruhusiwa maji mpaka lisaa 1 kabla. Na watoto wadogo nawaweka wa kwanza kwenye orodha. Toka nianze hivyo akina mama wananiambia ukweli, hata aliyenyonyesha alfajiri anasema, tunasogeza mbele masaa mawili, yanaisha.

#12 Mwanafunzi wa Moshi

Mkuu asante, mtoto alikuwa na kilo 11, nimeuliza leo. Na tyubu ilikuwa na puto. Nimeelewa. Swali la mwisho, ukiambiwa uandike oda ya LMA za thieta ndogo ya wilaya na hela ni kidogo, unaandika saizi zipi?

#13 Mtu wa Thieta

Kila mtu anaandika 3 na 4 nyingi, za watoto moja moja, ndo unakuta mtoto wa kilo 7 analetwa usiku na kabati lina 2 na 3 tu. Niliwahi kukaa hivyo, nikampumulisha mtoto kwa maski kwa mkono saa zima na dakika ishirini, vidole vilikufa ganzi sikuthubutu kubadilisha mkono.

Mimi ningeandika 1.5, 2 na 2.5 kwa wingi sawa na 3, 4 nyingi zaidi, 5 chache, 1 mbili za dharura maana hiyo ya chini ya kilo 5 ndo inateleza kuliko zote na mtoto wa umri huo mara nyingi nitamwekea tyubu. Zile zinazochemshwa na kurudiwa zina kikomo, za silikoni za mwanzo zile ni mara 40, zihesabiwe kwenye daftari kwa namba ya kila moja. Na kifaa cha kupimia presha ya puto, isizidi sentimita 60 za maji, kama hakipo jaza nusu ya kilichoandikwa kwenye kifaa, sikiliza, ongeza kidogo kidogo. Kwenye saizi 1.5 mwisho ni mililita 7, kwenye 4 ni 30, hizo ni za mwisho kabisa, siyo za kuanzia.

Mjukuu wa Njombe, babu akishatoka thieta rudi hapa utuambie, na ile bandia yake iwekwe kwenye kikopo chenye jina lake, ukishike wewe mwenyewe mkononi pale nje. Akiamka kitu cha kwanza atakachotafuta ni hicho.